Dume la Madoadoa

Mungu alipompa kobaye sauti kubwa kuliko mwili wake, hakuyafikiria magoti ya Victorine. Kila asubuhi, kabla hajakunja blanketi, walikuwa wamekwisha kumsikia akigeuka kitandani, na huko jikoni ukaanza ule mlio wao mwembamba, wiii, wiii, wiii, ungedhani kuna mtu anachinjwa. Hakuna aliyechinjwa. Walitaka majani tu. Naye Victorine, mwenye miaka hamsini na mitatu na magoti ya bibi wa miaka themanini, aliinuka, akajifunga kitenge, akatoka kwenye ukungu wa Karuba kwenda kuwakatia.

Kobaye, kwa asiyewajua, ni wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao vitabuni huitwa simbilisi. Watu wa mjini huwaita panya waliokatwa mkia, mpaka waonje mchuzi wake. Katika vilima vya Masisi hulala jikoni, karibu na mafiga, kwenye joto la majivu, na watoto wengi hujifunza kutembea kwa kuwakimbiza. Huliwa, ndiyo. Lakini kabla ya kuliwa wengine hupewa majina, na hapo ndipo shida huanzia.

Shefu hakuwa wa kuliwa. Alikuwa dume kubwa, mwenye vidoa vyeupe na vya kijivu vilivyochanganyika kama maharagwe ya madoadoa kwenye ungo. Jina alipewa na Naomie, binti pekee wa Victorine. Siku walipokimbia risasi, Naomie aliacha sufuria, akabeba kikapu chenye kobaye watatu kifuani, na mama yake alimgombeza njia nzima hadi kambini. Kambini kikaja kipindupindu. Naomie alikuwa na miaka kumi na minne. Vita vilipotulia kidogo, Victorine alirudi Karuba na kile kikapu, ndani yake Shefu na majike mawili, dada zake Shefu. Hakurudi na kitu kingine.

Kilima kizima hakikuwa na kobaye hata mmoja. Waliokuja na bunduki walikuwa wamewala karibu wote, na njaa ikawamaliza waliobaki. Basi wanawake wakaanza kubisha hodi kwa Victorine. Na huku kwetu kobaye wa kwanza hanunuliwi. Hupewa, na aliyepewa hutoa mtoto mmoja wa uzao wa kwanza kwa nyumba inayofuata. Majike yakikua, yaliletwa kwa Shefu, maana dume lilikuwa yeye. Walizaliwa wa kahawia na walizaliwa wa madoadoa, lakini nani alitaka wa kahawia? Kila mmoja alinyoosha kidole kwa madoadoa. Katika mwaka na nusu, jina la Victorine lilivuka Mushaki, likashuka hadi Kibabi.

Hakumpa mtu ovyo. Alihoji kama padri anayefungisha ndoa: watalala wapi, paka yuko au hayuko, nani atakata majani siku ya soko. Nyumba mbili aliwahi kuzinyima kabisa, moja kwa sababu ya mbwa, nyingine kwa sababu ya mume mwenye kupenda kupiga vitu teke. "Munyama hakukuomba azaliwe," alikuwa akiwaambia. "Wewe njo ulimuita." Wanawake waliondoka wakirudia maneno hayo, kwamba wewe ndiye uliyemwita, na yeye alibaki mlangoni akiona fahari. Nisimsingizie: fahari ile alikuwa na haki nayo, mwanzoni.

Kisha wakaja weupe.

Wa kwanza alizaliwa jikoni mwake, mtoto wa Shefu na binti yake Shefu, wote wawili wa madoadoa. Alikuwa mweupe kama maziwa, na mahali pa macho palikuwa na ngozi tu. Meno yalikuwa yamepinda hata hakuweza kunyonya. Alizunguka kwenye majani siku mbili akigonga kichwa ukutani, akitafuta mama aliyekuwa hatua moja kutoka kwake, kisha akafa. Victorine alimzika nyuma ya migomba kabla majirani hawajaamka.

Usiseme hakujua. Alijua. Kambini kulikuwa na daktari wa wanyama, Papa Théophile, aliyewafundisha akina mama chini ya turubai, na jambo hilo alilisema mara mbili, kidole juu: "Madoadoa na madoadoa, hapana. Baba na binti, hapana. Mukifanya vile mutazaa vipofu, na mateso ya ule mutoto iko juu yenu." Victorine alikuwa ameketi mstari wa mbele.

Lakini kulisema jambo lile kulikuwa na maana moja: Shefu awekwe kando. Na Shefu alikuwa wa Naomie. Kila alipopita kilimani akasikia wiii, wiii kutoka jikoni za watu, akachungulia akaona vidoa vile, alikuwa kama amemwona mwanawe akipita. Jikoni thelathini na zaidi. Atazifunga kwa mkono wake mwenyewe? Akipenda, chongo huita kengeza. Victorine akaendelea kuzika nyuma ya migomba.

Hilo peke yake labda tungemsamehe. Lakini asubuhi moja jirani yake Jeannette alikuja analia, kipofu mweupe kwenye kiganja. Jeannette ni mjane wa makamo, mkimya, mwenye watoto watatu wanaowapenda kobaye wao kuliko ugali. Akauliza, "Mama Naomie, huyu amepatwa na nini?" Na kinywa cha Victorine kikawahi kabla ya moyo wake: "Unabapatia majani yenye umande. Umande inaua macho ya batoto tumboni."

Ndiyo hivyo. Miezi saba sasa Jeannette alikuwa akitandika mkeka uani kila asubuhi, anamwaga majani, anayageuza, anasubiri yakauke, huku Karuba, ambako jua huonekana kwa kubembelezwa. Na kwa kuwa Jeannette hana choyo na elimu, aliwafundisha wengine. Kilima kizima kilianika majani. Vipofu waliendelea kuzaliwa, na kila mwanamke aliyempata kipofu alijiuliza ni siku gani alikosa kukausha vizuri. Victorine alipita kati ya mikeka ile akienda shambani, na uchovu aliokuwa nao haukutoka kwenye jembe.

Siku ya Alhamisi, ukungu ukianza kuachia, akafika mwanamke kijana mwenye matope hadi magotini. Jina lake Falone. Alikuwa ametoka kijiji cha ndani cha Walikale, kando ya njia iendayo machimbo ya Bisie, siku tatu njiani, nusu kwa pikipiki na nusu kwa miguu. Mgongoni alikuwa amebeba kapu la kamba za msitu.

"Hodi kwa Mama Victorine?"

"Karibu, binti yangu. Njo mimi."

Falone aliketi kwenye kigoda, akapewa maji, akanywa bila kupumua. Kisha akasema shida yake. Kwao nyama ilikuwa ya porini. Baba mkwe wake, Papa Darius, mwindaji tangu utoto, siku hizi alitega mitego mia na kurudi na mikono mitupu. Nyama ilikuwa imekimbia msitu, na watoto walikuwa wakiisikia kwa jina tu. Wanawake watano walikuwa wamekubaliana: Falone aende Masisi, alete dume na jike, uzao wa kwanza upite kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, mpaka nyumba zote tano.

"Papa Darius njo alisuka hii," alisema, akifungua kapu. Ndani lilikuwa limegawanywa kwa ukuta mdogo wa kamba laini. "Alisema dume na jike bakikaa pamoja mu njia ndefu, dume atamuchokesha mwenzake. Aliweka na tundu ya hewa, huku na huku."

Victorine alilishika kapu, akapitisha kidole kwenye ule ukuta. Mzee ambaye maisha yake yote aliua wanyama alikuwa amekaa chini akafikiria usingizi wa kobaye ambao hajawahi kuwaona. Alirudisha kapu haraka.

Akamhoji, maana hakuna aliyekwepa hilo. Watalala wapi? Kwenye kitanda cha mianzi, juu ya ardhi, kwa sababu ya siafu. Paka? Hayuko. Mbwa wa kuwinda? Atafungwa upande wa pili wa nyumba, Papa Darius ameapa. Nani atakata majani? Watano kwa zamu. Na mwenye kuchoka nao? "Atarudisha, hatatupa. Tuliandika kwa karatasi." Hakuna mwanamke aliyewahi kujibu vizuri namna ile. Victorine alitamani sana angekosea hata jibu moja.

Waliingia jikoni. Kobaye wakapiga kelele. Shefu akatoka chini ya rafu ya kuni, mzito, akaja moja kwa moja kwenye mguu wa Victorine na kusimama kwa miguu ya nyuma, kama Naomie alivyomfundisha.

"Eee!" Falone akacheka kwa mara ya kwanza. "Huyu njo Shefu? Habari yake ilifika mpaka kwetu."

Pembeni kulikuwa na majike mawili ya kahawia, wazima, wanene. Victorine alinyoosha mkono upande ule. Lakini Falone alikuwa amekwisha chuchumaa mbele ya vijana wa Shefu, dume na jike, wenye madoadoa mazuri kama ya baba yao.

"Hawa, Mama. Hawa wawili."

"Ba kahawia iko na nguvu," alisema Victorine kwa sauti ya chini.

"Hapana, Mama. Batu banangojea madoadoa."

Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Victorine aliijua methali hiyo tangu akiwa msichana, na hakuitamka. Akamshika dume, akamshika jike, akawatia kila mmoja chumba chake kwenye kapu la Papa Darius.

"Na miye niko na ulizo moja, Mama," alisema Falone. "Hawa bakizaa, batoto batakuwa bazima?"

"Batakuwa bazima, Mungu akipenda."

Alimbebesha Mungu mzigo, kama tufanyavyo sote tukielemewa. Falone akasema asante, machozi yakimlengalenga, akamshika Victorine mikono yote miwili. Victorine alitaka tu aondoke. Aende, afike mbali, atelemke upande wa pili wa milima ambako ukipiga kelele husikiki huku.

Hapo ndipo Jeannette alipotokea uani na furushi la majani makavu kichwani.

"Nilisikia kuna mugeni wa Walikale," alisema. "Nimemuletea chakula ya njia. Hii iko kavu kabisa, niligeuza mara tatu." Akalitua, akamgeukia Falone kwa ule uzito wa mtu anayekabidhi kitu cha maana. "Dada, sikiliza muzuri. Majani ukate, uanike, ngoja ikauke. Umande, hapana hata kidogo. Mama Naomie njo alinifundisha. Bakila umande, batoto banazaliwa vipofu."

Falone alikunja uso. "Kwetu jua haifike chini, dada. Miti inafunika. Na mvua ni kila siku."

"Basi utakausha juu ya moto, kidogo kidogo. Asubuhi na magaribi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ukikosa siku moja tu, inatosha." Jeannette alishusha sauti. "Mie nilipoteza saba, dada. Saba, juu ya uvivu yangu. Batoto yangu mpaka leo hawajanisamehe. Usifanye kama mie."

Falone alitikisa kichwa polepole. Midomo yake ilikuwa ikirudia: kukata, kuanika, moto, asubuhi, magaribi. Aliyashika maneno yale kama mtoto anayeshika katekisimu, ayapeleke siku tatu, ayagawe kwa wanawake watano, nao wakae wakikausha majani juu ya moshi kwenye msitu wa mvua, na vipofu wakizaliwa, kila mmoja ajiite mvivu.

Victorine alijikuta amekaa chini, kwenye udongo wenye maji, mgongo ukutani.

"Jeannette," alisema. "Si umande."

"Unasema?"

"Haikuwa umande hata siku moja. Nilikudanganya." Na maneno yakishaanza kutoka hayasubiri foleni. Aliwaambia kuhusu Papa Théophile na kidole chake. Aliwaambia madoadoa kwa madoadoa huzaa mweupe asiye na macho, na kwamba Shefu amezaa na binti zake na wajukuu zake kilima kizima. Aliwaambia kuhusu wale waliolala nyuma ya migomba. "Nilijua. Nilijua siku ile ulikuya unalia. Uvivu haikuwa yako. Hawa wawili, Falone, usibebe. Bakizaa pamoja utaona mambo mubaya, na mubaya ile ni mimi nitakuwa nimekutumia."

Jikoni kobaye walilia, maana walikuwa wamesikia harufu ya majani.

Falone alilitazama kapu kwa muda mrefu. Hakukasirika, mtu aliyetembea siku tatu hana nguvu za kukasirika mara moja. "Sasa mie nirudi na nini?" aliuliza. "Banangojea barabarani, Mama. Bataona nakuya na kapu."

"Chukua majike ya kahawia, yote mbili. Hawana shida. Lakini dume inapaswa kuwa ya damu ingine, isitoke kwa Shefu."

"Nilipita Kibabi. Nilipita Mushaki. Kila nyumba iko inasema, hawa betu tulitoa kwa Mama Victorine."

Fahari ya mwaka na nusu ilimrudia Victorine usoni kama maji ya kuoshea vyombo. Alifikiri, akakumbuka, akainua uso kwa Jeannette.

"Ule dume wako. Wa rangi ya udongo, ule mama mukwe alikutumia kutoka Minova. Ile iko damu ingine kabisa. Tungemupatia Falone kwanza, halafu..."

Jeannette alikuwa bado amesimama, kipande cha jani kikavu kimenata kwenye kitenge chake. Alikitoa, akakiangalia.

"Uliniambia iko na sura mubaya," alisema. "Uliniambia ataharibu madoadoa ya Shefu. Ulisema nimupike."

"Jeannette..."

"Nilimupika siku ya Noeli. Nilikualika. Ulikula muguu."

Victorine aliukumbuka mguu ule. Ulikuwa mtamu, wenye pilipili, na aliomba mchuzi tena. Dume pekee kilimani ambalo lingeweza kuwaokoa wote, na yeye alilamba vidole. Alijifunika uso kwa kitenge na kulia, bila sauti na bila aibu, kilio cha mtu aliyechoka kujificha.

Walimwacha alie. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hakuna wa kumsaidia mtu huyo zaidi ya kumsubiri amalize. Falone alifungua kapu, akawatoa wale wa madoadoa mmoja mmoja, akawarudisha jikoni, akawaweka wale wa kahawia mahali pao. Alifanya taratibu. Hakuwatupa.

Victorine alipopangusa uso, aliinuka kwa kushika ukuta. Juu ya mlango kulikuwa na kikapu kilichoning'inia kwenye msumari tangu siku aliyorudi kutoka kambini. Hakuwahi kukigusa tena. Alikishusha, akakipuliza vumbi. Mpini ulikuwa bado na uzi mwekundu ambao Naomie aliufunga.

"Kesho iko soko Minova," alisema. "Kule kobaye banatoka upande wa Kalehe, damu ingine. Nitashuka leo. Falone, unipe siku mbili, ukae kwangu, upumuzike. Nitakuletea dume moja, na moja ya huku kilimani."

"Barabara ile, Mama Naomie?" Jeannette aliuliza. Barabara ile ilipita Sake, kando ya njia ya kambi. Tangu arudi, Victorine hakuwa amekanyaga huko.

"Ile."

"Na Shefu?"

Dume lile lilikuwa limesimama tena kwa miguu ya nyuma mguuni pake, likisubiri. Victorine aliinama, magoti yakalia, akambeba, akamweka peke yake ndani ya kisanduku cha sabuni, akafunika kwa ubao. Shefu akaanza kuita. Huwa hawapendi kukaa peke yao.

"Atanisikia nikirudi," alisema. "Hataona jike tena."

Alijitwika kikapu. Alikuwa amefika kwenye ukingo wa ua Jeannette alipomwita.

"Mbele ya kufika barabarani, utapita nyumba ngapi?"

"Zote," alisema Victorine. "Nitabaambia bote."

"Basi anza kwangu. Mie umeisha kuniambia. Batoto yangu, bado. Kuya ubaambie si mama yao aliua kobaye."

Wakavuka ua pamoja. Mkeka ulikuwa umetandikwa mahali pake, majani ya asubuhi juu yake, bado mabichi, na watoto watatu wa Jeannette walikuwa wamechuchumaa pembeni wakiyageuza jani moja moja, kwa uangalifu mkubwa, wasikose hata moja. Wakainua nyuso. Victorine aliweka kikapu chini.

"Batoto," alisema. "Mama yenu hakukosa kitu."

Hawakuelewa. Walimtazama mama yao. Jeannette alikuwa amekwisha piga magoti upande wa pili, anaukunja mkeka, majani yakiwa ndani yake.